Mwalimu, Pikipiki Sasa Zinasikika

Mwalimu,

Pikipiki zimeanza kutembea. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, na kwa kuwa simu yako haiiti tena, nimechukua kalamu. Zilitoka wiki iliyopita, kila moja na kile kisanduku chetu chini ya taa ya mbele, na asubuhi hiyo hiyo moja ikapita mbele ya kibanda changu hapa Shauri Moyo. Nilikuwa nimeinama, nafungua spika ya kanisa iliyokauka koo. Nikaisikia ikija kutoka upande wa kushoto kabla sijainua kichwa. Nikaweka bisibisi chini, nikalia. Mteja alidhani nimejichoma na chuma cha kuchomelea waya. Nikamwambia ndiyo, nimejichoma. Ningeanzia wapi kumweleza?

Kwako wewe naweza kuanzia popote. Unayajua haya yote, lakini nikiyaandika ni kama bado umekaa hapa kwenye stuli, unanikatiza kila nikimaliza sentensi mbili.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza? Wateja wangu wote huanza kwa kusema wanachotaka. "Mwende, redio imenyamaza." "Mwende, besi inakoroma." Wewe ulisimama tu na mkoba wako wa turubai, ukinitazama nikifanya kazi. Nilifikiri umetumwa na baraza la jiji kuja kuhesabu vibanda. Mwishowe ukaniuliza, "Mbona unashika waya kwa meno?"

"Kwa sababu Mungu alinipa mikono miwili tu," nikakujibu, kwa ukali kidogo. Baba yangu, aliyekuwa mchonga vinyago kabla ya kuanza kutengeneza masanduku ya spika, alinisema maisha yake yote kuhusu hayo meno. Marehemu mama naye. Daktari wa meno pia. Nilijua zamu yako imefika.

Lakini hukunisema. Ulicheka, ukaenda zako, na kesho yake ukarudi na kipande cha ubao chenye vibanio viwili vya chuma vilivyosimama kama pembe za mbuzi. Ukaviweka mezani kwangu, upande wa kulia, ukavisogeza kidogo, ukaniambia nishike chuma changu kama kawaida, ukavisogeza tena. Tangu siku hiyo sijawahi kutia waya mdomoni. Watu waliniambia niache kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Wewe hukuniambia niache. Uliniondolea sababu.

Ndipo nikakuuliza wewe ni nani na unafanya kazi gani. Ukasema unaitwa Nekesa, umezaliwa nyumba za nyuma hapa hapa, baba yako alikuwa karani wa reli, na sasa unafundisha chuo kikuu. "Ninasoma watu, Mwende," ukasema. "Jinsi wanavyoona, wanavyosikia, wanavyonyoosha mkono kuchukua kitu. Halafu ninajaribu kutengeneza mashine inayomfuata mtu alivyo. Kwa sababu mashine nyingi zinamtaka mtu azifuate zenyewe."

Nikakuambia hiyo si kazi, hiyo ni umbea. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Ulikuwa unatafuta spika. Ndogo, inayovumilia mvua na vumbi, inayoweza kukaa mbele ya pikipiki ya umeme. Kampuni moja ilikuwa imeleta hizo pikipiki, na kila mtu alizisifu kwamba hazitoi moshi wala kelele. Hizo kelele zilizokosekana ndizo zilizokuleta kwangu. Kule Kariokor, pikipiki moja ilikuwa imemgonga Mama Vero, yule anayeshona akala, viatu vya tairi, akiwa ametoka tu kuokota kipande cha tairi kando ya njia. Ukanipeleka kumwona. Mguu ulikuwa umefungwa plasta, umewekwa juu ya kreti ya soda, naye bado anashona.

"Ilikuja kama paka, mwanangu," akatuambia. "Mimi nimekaa hii barabara kutoka nikiwa msichana. Gari nasikia, mkokoteni nasikia. Hii sikusikia kitu. Nilisikia tu mimi mwenyewe nikianguka."

Na Kevo, dereva aliyemgonga, alikuwa ameketi pale kando yake. Hilo lilinishangaza. Alikuwa anamletea chai kila asubuhi tangu ajali. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na alizungumza akitazama chini. "Mathe hakuskia. Mimi nilidhani ameskia. Kwa ile ya petroli mtu huskia, anasonga tu. Hii mpaka upige honi, na ukipiga honi anaruka."

Ulimuuliza maswali mengi siku hiyo, na hakuna hata moja lililokuwa la kutafuta nani mwenye makosa. Ulimuuliza alikuwa anatazama wapi. Ulimuuliza Mama Vero mikono ilikuwa imeshika nini. Ukainama ukatazama njia ukiwa katika kimo chake, umechuchumaa kabisa, wapita njia wakikuzunguka kama jiwe. Mimi nilisimama na mkoba wako nikiona aibu kidogo. Nisamehe. Sikuwa nimewahi kuona mtu msomi akichuchumaa.

Kampuni ilisema watu watazoea. Uliwauliza, "Watazoea baada ya wangapi kuanguka?" Wakasema basi, wataweka muziki. Kijana wao wa matangazo alikuwa ameshatunga wimbo mfupi, mtamu kweli, wa kucheza muda wote pikipiki ikitembea. Ukawaomba wakupe nafasi ya kuujaribu kwanza, pamoja na sauti nyingine. Meneja akakubali kwa shingo upande.

Hapo ndipo kazi yangu na wewe ilipoanza.

Kile nilichokipenda zaidi, Mwalimu, ni kwamba hukutupeleka kwenye chumba kimya cha chuo. Ulisema mtu hagongwi kwenye chumba kimya. Ulichagua ile njia ya wapiga bati, hapa karibu, ambapo masanduku ya wanafunzi yanagongwa kuanzia asubuhi na mtu akitaka kuongea na mwenzake anamvuta sikio. Ukapanga makreti kwenye mstari ili pikipiki ipite upande mmoja na watu wabaki upande mwingine, mtu asiumie. Kevo akaendesha, polepole, mkono kwenye breki. Na ukawaomba watu wasikae wakitega masikio. Kila mtu aendelee na kazi yake, mwenye nyundo apige nyundo, mwenye kubeba abebe. Akisikia kitu kinakuja, anyooshe mkono kinakotoka.

Sauti ya kwanza ilikuwa mlio mwembamba, ti-ti-ti, kama wa saa ya kengele. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mlio ulimezwa na bati lote. Nikauongeza. Sasa wakausikia, lakini mikono ilinyooshwa kila upande, mmoja mashariki, mwingine magharibi, kama watu wanaoelekezana nyumba ya mtu wasiyemjua. Nikauongeza tena. Ndipo Musyoka wa mkokoteni, aliyekuwa amebeba gunia mgongoni, aliposhtuka akaruka. Akaruka moja kwa moja upande wa pikipiki. Makreti ndiyo yaliyomzuia. Yalianguka, yeye akaanguka juu yake, gunia likapasuka.

Kevo akafunga breki. Akamfokea. "Buda, si umeskia! Mbona unakuja kwangu?"

"Niliskia iko huku!" Musyoka akajibu, akionyesha upande ule mwingine.

"Sasa huyu amekosea aje kitu iko mbele yake?" Kevo akatugeukia.

Ulikuwa tayari umepiga magoti unamsaidia Musyoka kukusanya maharagwe. Hukuinua hata kichwa. "Hajakosea," ukasema. "Masikio yake yamefanya kazi yote yanayoweza. Sauti yetu ndiyo imemdanganya." Ukafunga majaribio ya siku hiyo. Ukamnunulia gunia jipya. Halafu ukakaa nami kibandani ukanieleza kwa subira, kwamba sikio la kushoto na la kulia hulinganisha, na ili yalinganishe vizuri yanahitaji sauti yenye mambo mengi ndani yake, nzito na nyepesi pamoja. Mlio mmoja mwembamba ni kama kumpa mtu herufi moja na kumwambia asome neno. Na ule wimbo wa kampuni, ulipoujaribu baadaye, ulikuwa na shida nyingine: watu waliusikia, wakaupenda, wakadhani unatoka dukani.

Nimetengeneza spika tangu utoto, na sikuwahi kujiuliza sikio la mtu mwingine linafanya nini na ninachokitengeneza. Mimi nilisikiliza spika. Wewe ulimsikiliza msikilizaji.

Basi tukaanza kutafuta sauti. Ule ulikuwa wakati wa furaha, si ndiyo? Tulikwaruza kila kitu. Tulimwaga mchanga kwenye karai. Tulipasua karatasi. Ulileta fagio la makuti, jirani zangu wakadhani tumefungua kanisa jipya. Mwishowe ilikuwa ni mahindi. Tulikuwa Gikomba kwa wauza nafaka, mama mmoja anapepeta mahindi makavu kwenye ungo, na wewe ukanishika kiwiko. "Mwende, fumba macho. Niambie amesimama wapi." Nikaonyesha. Ukanizungusha kama watoto wanavyozungushana, ukaniuliza tena. Nikaonyesha tena. Nilipofumbua macho kidole changu kilikuwa kinaelekea kwenye ungo.

Tulirekodi hiyo sauti, nikaitengeneza, nikaifanya ipande kidogo pikipiki ikienda mbio na kushuka ikipunguza. Tukarudi kwa wapiga bati. Mikono yote ilinyooka upande mmoja kama ya wanakwaya. Musyoka alisogea kando akiwa bado anatukana bei ya sukari. Wewe hukushangilia. Ulisimama umekunja mikono, umeuma mdomo, na machozi yakawa yanakutoka kimya kimya. Nikajua umefurahi.

Sikujua kwamba ulikuwa umeshapata majibu ya hospitali.

Uliniambia baada ya wiki kadhaa, ukiwa unatazama kitu kingine. Saratani. Ukasema umeanza dawa ya mshipa, itakuchosha, lakini kazi inaendelea. Nikataka kukukumbatia, ukanipa koili ya waya nikuzungushie. Ndivyo ulivyokuwa.

Sasa nafika mahali pagumu.

Ile alasiri ulikuja umefunga leso kichwani, umekonda, ukakaa kwenye stuli ukitazama njia. Nilikuwa nimemaliza kisanduku kipya, nimekifunga vizuri dhidi ya mvua, nilikuwa na majivuno nacho. Nje wapiga bati walikuwa wanaendelea kama kawaida. Nikakiwasha.

Ukangoja. Ukasema, "Haya, washa."

Nikakutazama. "Mwalimu, imewaka."

Ukasema, polepole, "Izime. Sasa washa tena."

Nikaizima. Nikaiwasha. Mimi nilikuwa ninaisikia kama mvua kwenye mabati. Nilitazama uso wako, na uso wako haukubadilika, na wakati ule ule tulielewa wote wawili. Dawa iliyokuwa inapigana na ugonjwa wako ilikuwa imekunyang'anya sauti za juu, zile nyembamba nyembamba. Daktari alikuthibitishia baadaye kwamba hutokea. Kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa hasara moja juu ya nyingine. Kwako wewe, uliyeishi kwa masikio... Niliizima. Nilitaka nje wanyamaze wote, bati lote la Nairobi linyamaze, ili usikie kitu.

Halafu ukaniuliza swali ambalo bado linanisimamisha nywele. "Mwende, katika wale wote tuliowajaribu pale njiani, mzee alikuwa nani?"

Nikafikiria. Wapiga bati ni vijana. Wabeba mizigo ni vijana. Hatukuwa na mzee hata mmoja.

"Mama Vero tulimjaribu?"

Hatukumjaribu. Mguu ulikuwa kwenye plasta, tulimwacha apumzike.

"Watu wakizeeka, masikio yao hupoteza sauti hizi hizi nilizopoteza mimi," ukasema. "Tumetengeneza sauti ya vijana. Na anayehitaji kusikia mapema zaidi ni yule asiyeweza kuruka." Ukajishika masikio yote mawili kwa viganja, kama mtu anayepima kofia, na nikaona umeanza kutabasamu. "Sawa. Sasa timu yetu ina sikio la bibi kizee. Hebu tulitumie."

Mwalimu, nimewaona watu mashujaa. Nimeona watu wakiingia kwenye nyumba inayoungua kule Gikomba. Lakini sijaona kama hiyo. Ulipokonywa kitu mbele ya macho yangu, na kabla ya chai kupoa ulikuwa umekifanya kuwa kifaa cha kazi.

Tukamfuata Mama Vero. Ulikaa naye Kariokor kwenye benchi moja, migongo kwa barabara, wewe na leso yako, yeye na fimbo yake, nami nikibadilisha sauti nyuma yenu huku Kevo akipita na kurudi. Tuliongeza uzito chini ya mahindi, kitu kama gunia linaloburutwa juu ya kokoto. Siku za mwanzo mlikaa kama masanamu. Mama Vero akawa anakusimulia habari za marehemu mume wake. Wewe ulikuwa unaitikia huku umeinua kidole kimoja, ukingoja. Kisha asubuhi moja vidole viwili vikainuka karibu kwa pamoja, chako na chake.

"Aa, hiyo nimeipata," akasema Mama Vero. "Inatoka upande wa kanisa."

Ilikuwa inatoka upande wa kanisa. Mlishikana mikono mkacheka kama wasichana wa shule, na Kevo akapiga honi, mkaruka wote wawili, mkamtukana.

Hiyo ndiyo picha yako ninayoitunza.

Hukufika siku ya uamuzi wa kampuni. Tulikupeleka nyumbani kwenu, upande wa Bungoma, kwa basi lililojaa wanafunzi wako na watu wa Shauri Moyo. Kevo alikuja. Mama Vero alikuja na fimbo. Ndugu zako walishangaa kuona washona viatu na wabeba mizigo wakiwa wengi kuliko walimu. Wanafunzi walisoma maneno mazuri ya Kiingereza, na mama yako alikuwa ameketi mbele, mikono mapajani, akiitikia kwa kichwa kwa heshima tu. Tulipomaliza kukuzika alinishika mkono. "Wanasema mtoto wangu alikuwa mtu mkubwa," akaniambia. "Mimi nashukuru. Lakini hasa alikuwa anafanya nini?" Nilitaka kumweleza yote. Nikamwambia, "Mama, alikuwa anatutazama vizuri." Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji ambayo haikutosha.

Tuliporudi Nairobi, kampuni ikaurudia ule wimbo wake. Walisema wewe hupo tena, mkataba umeisha, na wateja wanaupenda wimbo. Nilikaa kibandani nikiwa nimekasirika kwa siku kadhaa, nikijiambia mimi ni fundi wa spika, ofisi si mahali pangu. Kisha nikajua ningekuona kwenye ndoto ukiwa umekunja mikono.

Nikaenda. Nikamchukua Kevo na Mama Vero. Nilivaa ile blauzi ya kanisani, nikailowesha yote kwa jasho. Sikuwa na maneno yako, kwa hiyo nikafanya ulivyokuwa unafanya. Nilimwomba meneja atoke nje kwenye uwanja wa magari, akae kwenye kiti akiwa ametupa mgongo, na asome ujumbe kwenye simu yake kama mtu anayengoja mtu. Wafanyakazi wake wakawa wanasukuma mageti na kupakua mizigo, kelele za kawaida. Kevo akaja na wimbo. Meneja akaonyesha lango. Kevo alikuwa nyuma yake kabisa. Meneja akaomba kurudia, akaonyesha lango tena, akatikisa kichwa. Kevo akaja na sauti yetu. Meneja hakuonyesha kitu. Aligeuka tu, mwili mzima, akamtazama Kevo usoni.

Hakufurahi wala hakukasirika. Alikaa na simu mkononi. "Mama yangu anaishi Umoja," akasema baadaye. "Anatembea kwenda sokoni mwenyewe." Kisha akaniuliza swali la haki: sauti hii usiku, watu wakiwa wamelala, itakuwaje? Nikakumbuka hukuwahi kuogopa kusema hujui. Nikasema, "Sijui. Nipe muda nikatazame." Tukarekebisha, ikawa inajipunguza mahali palipo kimya. Hapo ndipo alipokubali.

Habari mbaya moja, kwa sababu ungeiuliza. Juzi nilikuta pikipiki imekatwa waya wa kisanduku. Moto ulinipanda. Nikamfuata dereva nikiwa na hotuba nzima mdomoni. Kisha nikajikamata, nikamuuliza alikuwa anasikia nini akiwa ameketi pale juu. "Sista, hii kitu inanipigia kwa kichwa siku mzima," akasema. "Nikifika nyumbani naskia mahindi tu." Alikuwa na haki. Tuliwafikiria wote walio mbele ya pikipiki, tukamsahau aliye juu yake. Nimekiinamisha kisanduku mbele zaidi na kukiwekea kipande cha ngozi cha Kariokor kwa nyuma, na amekubali kukijaribu. Tutaona. Najua ungependa tatizo hili kuliko habari zote nzuri nilizokupa.

Na wakata nyama wa Kiamaiko wamesikia habari zangu. Wana msumeno wa umeme wa mifupa, na vidole vya watu vinapotea pale kila mara, na mwenye mashine anasema vijana hawako makini. Wanafunzi wako wawili watakuja nami. Nimewaambia siku za kwanza hatutagusa chochote. Tutasimama tu kwenye damu na harufu, tutazame mikono inapita wapi. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, Mwalimu, na nimeiandika ili isiwe ya mdomo: kabla ya kumwambia mtu ajirekebishe, nitakuwa nimesimama mahali anaposimama.

Jumapili nilimtembelea mama yako. Amerudi kwenye ile nyumba yenu ya nyuma hapa Shauri Moyo, anasema Bungoma pamekuwa kimya mno siku hizi. Nilimsindikiza kanisani. Njiani alikuwa ananisimulia jinsi ulivyokataa kuvaa viatu vyeupe siku ya kipaimara, na alikuwa amefika mahali ambapo baba yako anaingilia kati, mkono wake juu, akimuiga. Nyuma yetu pikipiki ikaja. Niliisikia. Nikafungua mdomo ili nimwambie.

Mama yako akasogea kando. Hakugeuza kichwa. Hakukata hadithi. Mkono ulibaki juu, baba yako akaendelea kuongea kinywani mwake, na pikipiki ikapita pale alipokuwa. Hakujua kwamba amesogea.

"Sasa unalia nini?" akaniuliza. "Hata sijafika pa kuchekesha."

Nikamshika mkono, nikamwambia amalizie. "Tukifika kanisani," nikamwambia, "nitakueleza mtoto wako alikuwa anafanya nini." Na nilimweleza, Mwalimu. Safari hii niliweza.

Kwaheri, dada yangu. Mama yako hatatembea peke yake Jumapili yoyote nikiwa hai.

Ni mimi,
Mwende